Chakula cha sato na kambare kwa malighafi za Kanda ya Kati: mwongozo kamili wa kuchanganya na kulisha

Kwa mfugaji wa samaki, chakula ndicho kinachomeza fedha kuliko kitu kingine chochote. Kwa kawaida ni zaidi ya nusu ya gharama zote za kumfikisha samaki sokoni. Dodoma gharama hiyo inauma zaidi. Dagaa wanatoka Mwanza na Musoma, soya inapanda kutoka Iringa na Ruvuma, na chakula kinachoelea cha kiwandani mara nyingi kimetoka nje ya nchi. Maji nayo ni ya kisima kirefu au ya kununua, kwa hiyo chakula kisicholiwa kikioza bwawani unakilipia mara ya pili kwa kubadilisha maji.

Tulicho nacho kwa wingi ni alizeti. Kuanzia Kongwa mpaka Singida utakuta viwanda vidogo vya kukamua mafuta, na nyuma ya kila kiwanda kuna viroba vya mashudu vinavyosubiri mteja wa ng'ombe na kuku. Msimamo wangu nauweka mapema: mashudu hayo yanaweza kubeba sehemu nzuri ya chakula cha sato, ila si peke yake, na si mashudu yoyote tu. Anayeyatupia bwawani moja kwa moja kwa sababu ni rahisi anarutubisha maji, halishi samaki.

Hatua ya kwanza: jua unamlisha nani, na anaishi kwenye nini

Sato ana utumbo mrefu na anasaga vizuri vyakula vya mimea. Kambare ni mla nyama zaidi. Ukimpa ugali na pumba atakua kichwa. Kwa hiyo sato wa kukuzia, yaani kuanzia gramu 30 au 40 kwenda juu, anatosheka na protini ya asilimia 28 hadi 30. Kambare wa umri huo anataka asilimia 33 mpaka 36. Vifaranga wa aina zote mbili wanahitaji asilimia 40 au zaidi, tena unga laini sana.

Swali la pili ni bwawa. Bwawa la udongo lililorutubishwa vizuri lina maji ya kijani yenye vijimea na vijidudu ambavyo sato anavila mchana kutwa, hivyo chakula chako ni cha kujazia, na hata asilimia 25 ya protini inaweza kumfikisha. Lakini udongo wa Dodoma sehemu nyingi ni kichanga na haushiki maji, ndiyo maana wengi wanatandika karatasi ya nailoni au wanafugia kwenye matanki. Humo chakula cha asili ni kidogo. Kila kitu kilichokosekana kwenye mchanganyiko wako, iwe vitamini au madini, samaki atakikosa kabisa. Watu wawili wanaweza kutumia mchanganyiko uleule, mmoja akausifu na mwingine akaulaani, na wote wakawa wakweli. Tofauti ni bwawa.

Vifaranga usiwachanganyie mwenyewe. Vifaranga 1,000 wa gramu 5 kila mmoja wana uzito wa kilo 5 tu, na wakila asilimia 8 ya uzito wao kwa siku ni gramu 400. Nunua chakula cha kiwandani kwa kipindi hicho. Unachookoa kwa kuchanganya mwenyewe ni kidogo, na unachoweza kupoteza ni msimu mzima, maana samaki aliyedumaa utotoni hafidii baadaye.

Hatua ya pili: malighafi, na hapa ndipo kazi ilipo

Anza na alizeti. Mashudu ya viwanda vyetu vingi yanakamuliwa pamoja na maganda, kwa hiyo yana protini ya asilimia 25 hivi na nyuzinyuzi zinazoweza kukaribia asilimia 30. Samaki hana tumbo la ng'ombe. Nyuzinyuzi zikizidi asilimia 8 au 10 kwenye chakula kizima anajaza utumbo, anatoa kinyesi kingi, na hakui. Dawa yake ni chekeche. Saga mashudu, yapitishe kwenye chekeche la matundu madogo, na kile kinachobaki juu, maganda meusi yenye ncha, mpe ng'ombe au mbuzi. Unga uliopita unaweza kufika asilimia 30 ya protini au kuzidi kidogo. Utapoteza uzito, ndiyo, lakini ulichopoteza hakikuwa chakula cha samaki. Ukimpata mkamuaji anayebangua mbegu kabla ya kukamua, mshike huyo.

Angalia pia kama mashudu ni mapya. Mashine za kukandamiza huacha mafuta, na mafuta hayo kwenye joto letu yanachacha haraka. Chukua konzi moja, livunje, unuse. Mashudu mazuri yananukia mbegu iliyokaangwa. Yaliyoharibika yana harufu ya rangi ya ukuta au mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa. Mavuno ya alizeti yakiingia katikati ya mwaka bei hushuka, na kishawishi cha kujaza stoo ni kikubwa. Nunua ya miezi miwili, basi.

Sasa kwa nini alizeti haitoshi peke yake? Protini imejengwa kwa asidi amino, na alizeti ina upungufu wa moja iitwayo laisini, ambayo samaki anaihitaji sana kujenga nyama. Ina methionini, asidi amino nyingine, ya kutosha. Soya iko kinyume chake: laisini nyingi, methionini kidogo. Ukiziweka pamoja kila moja inaziba pengo la mwenzake, na hapo ndipo unapoweza kupunguza dagaa bila samaki kukujibu kwa kudumaa. Ukiongeza alizeti tu ili kufikisha asilimia 30 ya protini kwenye karatasi, hesabu itakubali, bwawa litakataa.

Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia protini isisagike tumboni. Ni lazima ipate moto: kaanga kwa moto wa wastani huku unageuza mpaka igeuke rangi ya hudhurungi hafifu na inukie kama karanga, au ichemshe nusu saa kisha uianike. Usiiunguze, kwa sababu moto mkali unaharibu ileile laisini uliyoinunulia. Soya nzima ina protini ya asilimia 36 hadi 38 na mafuta kama asilimia 18, kwa hiyo huhitaji kuongeza mafuta mengine.

Dagaa safi wana protini ya asilimia 55 na zaidi. Tatizo ni mchanga. Wale wanaouzwa kwa jina la dagaa wa kuku mara nyingi wameanikwa chini ufukweni, na unalipia mchanga wa ziwa kwa bei ya protini. Chukua kijiko cha dagaa waliosagwa, tia kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika moja. Unga wa dagaa utabaki unaelea elea au kutulia taratibu. Mchanga utakuwa umeshakaa chini umeng'aa. Fanya hivyo mbele ya muuzaji, bei inashuka yenyewe.

Kwa upande wa nguvu, pumba za mahindi zinapatikana kila kwenye mashine ya kusaga, na Kibaigwa zipo kwa wingi msimu wa mahindi. Zina protini ya asilimia 10 hivi. Mtama mweupe uliosagwa unafaa pia na ndio zao letu. Epuka ule mwekundu au wa kahawia kwa kiasi kikubwa, kwa sababu tanini yake inapunguza usagaji wa protini. Unga wa muhogo una protini ndogo mno, kazi yake ni kuwa gundi.

Hapa lazima niseme habari ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumukuvu kwenye mahindi, watu wakaugua na wengine wakafa. Ukungu huohuo unakaa kwenye pumba, karanga na mashudu ya karanga. Samaki hafi siku hiyo. Ini linaharibika polepole, anakula na hakui, na ukija ugonjwa wowote anakwenda. Mahindi yaliyokataliwa kwa chakula cha watu kwa sababu ya ukungu hayageuki kuwa mema kwa kuyaita chakula cha samaki. Kukaanga hakuiondoi sumu hiyo.

Mashudu ya pamba yanayotoka Shinyanga na Singida yana protini nzuri lakini yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba, usizidishe kilo 10 kwa kila 100. Damu ya machinjioni iliyochemshwa na kukaushwa ni protini karibu asilimia 80, ila kilo 5 kwa 100 zinatosha.

Kupunguza dagaa: funza, na neno moja kuhusu azola

Dagaa ni kitoweo cha watu. Kila gunia tunalosaga kwa ajili ya samaki linashindana na sufuria ya mtu, na bei yake haitashuka. Njia inayonipa matumaini zaidi hapa mjini ni funza wa nzi askari mweusi. Wanakula mabaki ya mboga na matunda, na masoko kama Majengo na Job Ndugai yanatoa mabaki hayo kila siku. Funza waliokaushwa wana protini kama asilimia 40 na mafuta mengi, na nzi wenyewe wakikua hawali chakula chako wala hawasumbui jikoni kama nzi wa kawaida. Mayai huanguliwa kwa siku nne hivi, na baada ya wiki mbili za kulishwa funza wako tayari, kabla hawajageuka weusi. Wachovye kwenye maji ya moto, waanike, wasage.

Changamoto ya Dodoma ni ukavu. Mabaki yakikauka funza wanakimbia au wanakufa, kwa hiyo sinia zikae kivulini na chakula chao kiwe kinabana mkononi na kutoa tone moja au mawili ya maji. Juni na Julai wanakua taratibu, ukiwa na chumba kinachotunza joto utafurahi. Anza kwa kubadilisha robo ya dagaa, kisha nusu.

Azola inasifiwa sana kwenye makundi ya simu. Ni mmea mdogo mzuri unaoelea juu ya maji, lakini zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji: ndoo ya kilo 10 ikikauka hupati hata kilo moja. Na inakunywa maji na kivuli, vitu viwili ambavyo hatuna vya kuchezea. Kama una maji yanayotoka bwawani yenye mbolea ya samaki, ioteshe humo, uwatupie sato mbichi kama mboga. Kuijengea bwawa lake maalumu Dodoma, mimi sishauri. Majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini, kilo 3 hadi 5 kwa 100, yana faida kubwa kwa shida ndogo.

Hatua ya tatu: hesabu

Njia ya mraba inatosha. Gawa malighafi makundi mawili. Kundi la protini, tuseme dagaa (55), soya (37) na mashudu yaliyochekechwa (30) kwa kiasi sawa, wastani wake ni kama 41. Kundi la nguvu, pumba, ni 10. Unataka 30. Toa 10 kwenye 30 upate 20: hizo ni sehemu za kundi la protini. Toa 30 kwenye 41 upate 11: hizo ni sehemu za pumba. Jumla 31. Kwa kilo 100, kundi la protini ni kama kilo 65 na pumba kilo 35.

Kutoka hapo unarekebisha kidogo ili gundi, madini na vitamini vipate nafasi. Mchanganyiko wa sato wa kukuzia, kilo 100:

- dagaa waliosagwa, kilo 20
- soya iliyokaangwa, kilo 25
- mashudu ya alizeti yaliyochekechwa, kilo 20
- pumba za mahindi au mtama mweupe, kilo 25
- unga wa muhogo, kilo 8
- vitamini na madini ya samaki, kilo 1
- DCP (madini ya kalsiamu na fosforasi), nusu kilo
- chumvi, nusu kilo

Jumlisha mwenyewe: 11 + 9.25 + 6 + 2.5 + 0.16, ni karibu asilimia 29 ya protini. Kwa kambare panda dagaa hadi 30 na soya 35, shusha mashudu 10 na pumba 15, ufike kama 34.

Kwenye duka la dawa za mifugo utapewa vitamini za kuku na kuambiwa ni zilezile. Siyo. Kuku anajitengenezea vitamini C mwilini mwake, samaki hawezi, kwa hiyo pakiti ya kuku kwa kawaida haina. Sato wa kwenye bwawa la karatasi wakikosa vitamini C kwa muda mrefu utaanza kuona migongo iliyopinda.

Namba zote hizi za protini ni za wastani, na mashudu ya kiwanda kimoja si ya kingine. Ukianza kuchanganya kwa mamia ya kilo, peleka sampuli maabara ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro au Wakala wa Maabara ya Veterinari, uombe protini ghafi, mafuta, nyuzinyuzi, majivu na unyevu. Majivu yakiwa juu sana, umeuziwa mchanga.

Hatua ya nne: kusaga, kuchanganya, kukausha

Saga kila kitu kiwe laini kama sembe. Chenga za soya zinazoonekana kwa macho zinatoka upande wa pili wa samaki zikionekana kwa macho. Changanya vile vya uzito mdogo kwanza: vitamini, DCP na chumvi ndani ya kilo mbili tatu za pumba, kisha mchanganyiko huo ndani ya kilo 20, kisha kwenye rundo lote baada ya uji wa muhogo ninaoueleza hapa chini kupoa, ukigeuza kwa koleo mara kadhaa. Ukimwaga vitamini moja kwa moja juu ya kilo 100, samaki mmoja atapata za wiki na mwingine hatapata kitu.

Unga wa muhogo upikwe uji mzito kwa lita 30 hadi 35 za maji, umwagiwe ukiwa wa moto, ukandwe. Donge likibanwa mkononi lishike umbo bila kutoa maji. Mchanganyiko ule wenye vitamini usiuweke uji ukiwa bado unafuka. Rundo lipoe kidogo kwanza. Mashine ya kusagia nyama, ile kubwa ya kufungwa mota, inatoa peleti nzuri zinazozama. Sahani ya matundu ya milimita 2 ni kwa samaki wadogo, milimita 3 au 4 kwa wakubwa. Peleti zinazoelea zinahitaji ekstruda, mashine inayokandamiza chakula kwa joto kali, na kwa bwawa moja au mawili mashine hiyo haijilipi. Afadhali wafugaji kadhaa waungane.

Kwenye kukausha, hali ya hewa ya Dodoma iko upande wetu. Tandaza peleti unene wa kidole juu ya wavu au turubai, kivulini penye upepo, ugeuze. Jua kali linakausha upesi lakini linakula vitamini. Kwa kawaida siku moja au mbili zinatosha wakati wa kiangazi. Peleti iliyokauka inavunjika kwa mlio, inayopinda bado. Kisha itie kwenye glasi ya maji: ikae angalau dakika 10 bila kumeng'enyuka. Ikiyeyuka kabla, ongeza muhogo au saga laini zaidi. Hifadhi juu ya chaga, mbali na ukuta na panya, uitumie ndani ya miezi miwili.

Hatua ya tano: kulisha

Sato wa gramu 20 wape asilimia 6 ya uzito wao kwa siku, wa gramu 50 asilimia 5, wa gramu 100 asilimia 3, na wakipita gramu 250 asilimia 2 au pungufu. Gawa mara mbili au tatu. Lisho la kwanza lisiwe alfajiri. Hewa ya maji iko chini mno saa hizo, na samaki anayesaga chakula anahitaji hewa zaidi. Saa nne asubuhi na saa kumi jioni ni nyakati nzuri.

Peleti zinazozama ziweke kwenye sinia iliyoning'inizwa kwa kamba, robo mita chini ya maji. Baada ya nusu saa ivute. Ikiwa tupu, sawa; ikibaki chakula, punguza lisho linalofuata. Ukinunua zinazoelea, upepo wa Agosti na Septemba utakusukumia chakula chote kwenye kona moja. Funga bomba la plastiki liwe duara linaloelea na umwage ndani yake.

Juni hadi Agosti pima joto la maji asubuhi. Sato anakula vizuri kwenye nyuzi 26 hadi 30. Likishuka chini ya 22, kata lisho nusu na ulisogeze mchana; chini ya 18, acha. Mabwawa madogo ya karatasi yanapoa haraka kuliko ya udongo yenye kina.

Hatua ya sita: pima

Kila mwezi vua samaki 40 hivi kwa wavu, wapime ndani ya ndoo yenye maji uliyokwisha kuipima. Tuseme ulikuwa na sato 1,000 wa gramu 100, na mwezi mzima ukawapa kilo 3 kwa siku, jumla kilo 90. Sasa 40 wana kilo 6.4, yaani gramu 160 kila mmoja, na waliobaki hai ni 940. Uzito umetoka kilo 100 ukafika 150. Gawa 90 kwa 50: umetumia kilo 1.8 za chakula kupata kilo moja ya samaki. Lisho la mwezi unaokuja ni asilimia 3 ya 150, yaani kilo 4.5 kwa siku, na ukiwaona wanasusia, shusha.

Hiyo 1.8 ndiyo inayoamua kila kitu. Chakula chako cha shilingi 2,000 kwa kilo, kwa mfano, kimekupa samaki kwa 3,600. Cha kiwandani cha 2,600 kikikupa 1.3 ni 3,380, kwa hiyo cha "bei ghali" kimeshinda. Lakini chako kikishuka kufika 1.6 ni 3,200. Ukiona umepita 2.2, usikimbilie kuongeza dagaa. Kwanza angalia mashudu kama yalichekechwa, soya kama iliiva, sinia kama zinarudi tupu, na kama unga ulikuwa laini.

Ukipunguza dagaa, shuka kwa kilo 5 kwa kila 100, ukiongeza soya au funza, ukae mwezi mmoja upime tena kabla ya kushuka tena. Wakati wa kuvuna ukikaribia, acha kulisha saa 24 kabla ya kuwatoa, ili wasafiri wakiwa na matumbo matupu na wasichafue maji ya mapipa njiani.